Mdogo wangu anasema gego lake lina redio: tuling'oe, au tumwachishe dawa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa Morogoro. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34. Anatibiwa ugonjwa wa akili mwaka wa tisa sasa na amelazwa mara mbili, mara ya mwisho miezi mitano. Kila mwezi anachomwa sindano ya Modecate, usiku anameza klopromazini, asubuhi benzheksoli. Zamani alikuwa na meno mazuri kutuzidi sote. Sasa ya mbele yameliwa kwenye fizi, mengine yamebaki visiki, mdomo unanuka, na mwaka jana aling'olewa manne kwa siku moja. Kutwa ana kiu na soda haimtoki mkononi. Miezi miwili hii anadai gego la chini kulia limewekewa redio, anataka litolewe. Mama anasema tung'oe yote, awekewe ya bandia, yaishe. Mimi nashuku dawa. Tumwachishe?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kuleta madhara kesho tu: msimwachishe dawa. Unavyoshuku si makosa, dawa zina mkono wao katika meno yale, na nitaeleza kwa namna gani. Lakini mtu aliyeachishwa dawa hizi kienyeji hurudi wodini, na wodini ndiko meno yanakoharibika kwa kasi kuliko popote.

La pili ni hilo gego. Liangaliwe wiki hii. Najua neno "redio" likitamkwa sebuleni watu hutazamana na kunyamaza. Mimi nikilisikia sibishani kama redio ipo au haipo. Nauliza ilianza lini, inapiga kelele zaidi akilala au akinywa cha baridi, na siku hizi anatafunia upande gani.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye wodi ya wanaume ya hospitali moja ya wagonjwa wa akili. Palikuwa na mtu wa makamo aliyekataa chakula siku ya tano. Kwenye faili iliandikwa kwamba anahofia kulishwa sumu. Mwenyewe alikuwa akisema, kwa sauti ya chini sana, kwamba nyuki wamejenga ndani ya shavu lake. Nilimwomba afungue mdomo. Kioo changu kidogo kiligusa ukuta wa shavu kikanata hapo hapo, ikabidi nikibandue taratibu, mate hayakuwapo. Gego la chini lilikuwa limepasuka mpaka kwenye kiini, na pembeni yake, kwenye ufizi, kijipu cha ukubwa wa punje ya mtama kilitoa usaha nilipokibonyeza. Tulimpiga ganzi, tukaling'oa. Jioni ile alikunywa uji vikombe viwili. Nyuki sikuwasikia tena. Sauti nyingine alizokuwa akizisikia, za majirani zake wa zamani, ziliendelea kama kawaida mpaka dawa zilipozituliza wiki kadhaa baadaye.

Maumivu yalikuwapo, ugonjwa ulimpa tu maneno ya ajabu ya kuyaelezea. Shida ya mgonjwa wa akili ni kwamba akishaandikiwa ugonjwa huo, kila anacholalamikia kinatupwa kwenye kapu hilo hilo. Wengine hawalalamiki kabisa. Muuguzi mzoefu huangalia vitu vingine: anayeshika shavu, anayelalia upande mmoja, aliyeanza kuchovya mkate kwenye chai wakati zamani alikuwa akiutafuna mkavu, aliyekuwa mpole akawa mkali akisogezewa sahani. Kwa hiyo daktari wa meno atamgongagonga hilo gego, atalipima kwa baridi, na kama kuna mashine atalipiga picha. Likikutwa bovu, litatibiwa kama jino lolote bovu. Likikutwa zima, lisiguswe hata akiomba kwa machozi, maana redio isiyokuwa na jino la kukaa itahamia la jirani. Hapo anayehitajika ni daktari wake wa akili, aambiwe kwamba wazo hili ni jipya.

Sasa hizo dawa. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi na kurudishia jino madini yaliyopotea. Vijidudu vilivyo kwenye ukoga vikipata sukari hutengeneza asidi, na asidi hiyo ikizidi mpaka kipimo chake, yaani pH, kikashuka chini ya 5.5, gamba la jino huanza kuyeyuka. Mdomo wenye mate hujirekebisha baada ya muda, jino likapumua. Mdomo mkavu haujirekebishi. Ndiyo maana uozo wa mtu aliyekaukiwa mate una sura yake: hauanzii kwenye mashimo ya magego kama kwa watoto wanaokula pipi, unazunguka shingo za meno ya mbele pale yanapokutana na ufizi, mpaka jino linakatika kama muwa uliokatwa na panya. Umeandika "yameliwa kwenye fizi"; maneno hayo matatu yalinitosha. (Wasomaji wa Arusha na Singida wasianze kujitazama kwa hofu: madoa ya kahawia mliyokua nayo tangu utotoni ni ya floraidi nyingi kwenye maji, hayo si kuoza.)

Katika dawa zake tatu, inayokausha zaidi kwa mtazamo wangu ni benzheksoli. Klopromazini nayo hukausha, ila benzheksoli ndiyo kazi yake kukata mawasiliano yale yale yanayoamuru tezi za mate. Haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Modecate, haloperidoli na jamaa zao huweza kukaza misuli: mtu anatembea kama ubao, mikono inatetemeka, au ghafla, saa au siku chache baada ya sindano, taya linapinda, ulimi unatoka nje, shingo inageuka juu. Nimeletewa zaidi ya mmoja wa namna hiyo, ndugu wakidhani jino limeng'ang'ania mshipa, wengine wakiwa wameshapita kwa mganga. Dawa za jamii ya benzheksoli hulegeza hali hiyo kwa muda mfupi, na kwa hilo tunazishukuru. Lakini wengi huanzishiwa benzheksoli wiki ya kwanza wodini na hakuna anayeuliza tena kama bado inahitajika. Shirika la Afya Duniani halishauri itolewe kwa kila mtu kwa muda mrefu kama kinga tu. Basi siku ya kliniki muulizeni daktari wake swali moja: je, benzheksoli inaweza kupunguzwa? Yeye ndiye atakayepunguza, tena polepole. Msiikate nyumbani, mtamkuta amekakamaa.

Kuna kipimo rahisi cha ukavu. Mpe biskuti kavu bila maji. Akishindwa kuimeza, au ikabaki imebandika kwenye kaakaa kama chokaa, mate hayatoshi.

Halafu ndiyo inakuja soda. Kiu yake ni ya kweli, usimgombeze. Kinachomwangusha ni ule mtindo wa chupa kukaa mkononi. Soda moja iliyonywewa kwa mkupuo pamoja na chakula cha mchana ina madhara madogo kuliko hiyo hiyo iliyonywewa funda moja moja tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu kila funda linaanzisha shambulio upya. Chai ya sukari tatu ni hivyo hivyo. Ukiweza kumbadilishia kile kilicho mkononi, chupa ile ile ya plastiki lakini ina maji, umefanya zaidi ya nitakachofanya mimi na koleo langu. Wapo watakaokushauri anyonye ndimu ili mate yatoke. Kweli yatatoka, ila ndimu yenyewe ni asidi, na jino lisilo na mate haliiwezi. Chingamu isiyo na sukari inafaa zaidi, kama anaweza kutafuna bila kuimeza.

Wodini mambo haya yote hujazana pahali pamoja. Waliowahi kulala huko wanaijua asubuhi yake: bomba moja, foleni, muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi. Miswaki mahali pengine hufungiwa kabatini kwa kuwa mpini wa plastiki ukisuguliwa sakafuni huwa kisu, na hofu hiyo si ya bure. Wageni wakija kutazama mgonjwa huleta nini? Biskuti, soda, juisi ya pakiti. Sukari na sigara ndizo sarafu za wodi. Mtu hubadilishana kiatu kwa sigara mbili. Hapo ongeza ugonjwa wenyewe, ambao hula ule msukumo wa ndani wa kuanza jambo. Anaweza kukaa kitandani akiutazama mswaki nusu saa bila kuushika, akaambiwa ni mvivu.

Hali hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2015 Steve Kisely wa Australia na wenzake waliunganisha tafiti 25 zenye wagonjwa 5,076 wa magonjwa makali ya akili, wakakuta uwezekano wao wa kupoteza meno yote ni mara 2.8 ukilinganisha na watu wengine. Tafiti nyingi za aina hiyo hutoka nchi ambako kuna daktari wa meno kila mtaa.

Kuhusu wazo la mama. Mwambie kwa heshima kwamba limeshajaribiwa, tena na mtu mwenye madaraka makubwa. Henry Cotton alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, Marekani, tangu 1907. Aliamini wazimu unatokana na usaha uliojificha mwilini, hasa kwenye meno, akaanza kuyang'oa kwa maelfu. Mgonjwa asipopona baada ya meno kwisha, alihamia kwenye tonsili, kisha utumbo mpana, na kwenye upasuaji huo wa tumbo wengi walikufa. Alitangaza kwamba anaponya zaidi ya wanane katika kila kumi. Katikati ya miaka ya 1920 daktari Phyllis Greenacre alitumwa kukagua kazi hiyo, na alichokikuta hakikufanana na sifa zile hata kidogo. Cotton hakuwa tapeli wa kawaida. Aliwang'oa meno hata watoto wake mwenyewe. Tusimcheke sana. Huku kwetu hadi leo kuna watoto wachanga wanaochokonolewa fizi kwa kisu au sindano ya kushonea kutolewa "meno ya nailoni", eti ndiyo yanayoleta homa na kuharisha, na kinachotolewa ni vijimbegu vya meno ya kawaida kabisa.

Visiki vya mdogo wako vyenye usaha vitoke, sina ubishi, kwa sababu usaha ni usaha. Yaliyobaki yahesabiwe moja moja. Na hapa nina jambo linalonifurahisha kila ninapolisema: njia moja inayomfaa sana mgonjwa wa aina yake ilianzia Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, alipokuwa akifundisha Mholanzi Jo Frencken. Uozo laini unakwanguliwa kwa vyombo vya mkono tu, kisha tundu linazibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kuachia floraidi polepole. Hakuna mashine inayolia, hakuna umeme, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, sasa inatumika duniani kote, na kwa mtu anayesikia sauti, kutokuwapo kwa ule mlio wa mashine ni nusu ya matibabu. Kuna pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, inapakwa kwenye uozo na kuusimamisha. Ubaya wake jino linageuka jeusi tii, kwa hiyo aelezwe kabla na akubali; mtu anayeamini jino lake limechezewa akiamka akalikuta jeusi, mtajuta. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji ya aina hiyo na dawa hiyo ya fedha, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ulizeni kwenye kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya au ya mkoa, na mpangeni iwe siku ile ile ya sindano. Safari mbili kwa mwezi zitamshinda, moja ataiweza.

Mkienda, bebeni dawa zenyewe kwenye mfuko, msizitaje kwa kumbukumbu. Mwambieni daktari wa meno anatumia klopromazini, kwani ganzi nyingi huja zimechanganywa na adrenalini na atataka kupima kiasi. Na akimaliza asisimame kwa pupa: klopromazini hushusha presha mtu anapoinuka, nimeshadaka mmoja akianguka kutoka kwenye kiti changu. Akae ukingoni dakika mbili miguu ikiwa chini.

Kwa wasomaji wengine ambao ndugu zao wanatumia litiamu, hili lisomeni mara mbili. Diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazokimbilia dukani jino likiuma, hupandisha litiamu kwenye damu. Mtu mwenye jino bovu pia hali, hanywi maji, na ukavu wa mwili hupandisha zaidi. Akianza kutetemeka kwa nguvu, kutapika, kuharisha, kuyumba au ulimi kuwa mzito, ni hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo chake. Walio kwenye karbamazepini wamwambie daktari kabla hajawaandikia erithromaisini. Wa fenitoini wanaweza kuona fizi zikivimba na kufunika meno. Usafi unasaidia, na dawa yenyewe huweza kubadilishwa. Wa klozapini wao ni kinyume, mate huwatiririka usiku mpaka mto unalowa. Ila wakipata vidonda vya mdomo na koo pamoja na homa wapimwe damu siku hiyo, chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeshuka.

Nyumbani usijaribu kubadilisha yote. Chukua usiku. Mate hupungua zaidi mtu akilala, kwa hiyo mswaki wa usiku una thamani kuliko wa asubuhi. Ameze vidonge vyake kwanza, kisha apige mswaki, asile wala kunywa kitu tena isipokuwa maji. Dawa ya meno iwe na floraidi, pakiti yake isomeke kati ya ppm 1,000 na 1,500, yaani kipimo cha floraidi iliyomo. Ateme povu, asisukutue. Hilo linawashangaza wengi, lakini ukisukutua unaiondoa dawa uliyoinunua. Mswaki wa mti si mbaya, babu zetu hawakuwa wajinga, ila mti peke yake hautampa floraidi anayoihitaji kwa mdomo ule. Na usimwamrishe kutoka jikoni. Simama naye, mswaki wako mkononi, mpige wote wawili mkitazama taarifa ya habari ya saa mbili. Kuna mama mmoja aliyefanya hivyo na mwanawe kwa miezi sita, hasemi neno, anasimama tu mlangoni anapiga mswaki. Mwezi wa pili kijana akaanza kumfuata mwenyewe. Siku atakazokataa, ziacheni zipite.

Harufu ya mdomo mtaiona ikipungua kabla ya kitu kingine chochote, hasa akisugua na ulimi. Karafuu kwenye jino linalouma hutuliza kwa muda, hakuna ubaya, lakini msimwekee aspirini kwenye ufizi, inaunguza. Wala maji ya betri, nimeyaona yalichokifanya. Na akivimba chini ya taya au chini ya ulimi, akashindwa kumeza au kufungua mdomo, msisubiri siku ya kliniki. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Kuhusu ya bandia kuziba yale mapengo manne: yanawezekana, lakini si sasa. Subirini fizi zipone na visiki vyenye usaha viondoke. Kabla ya hapo mtazame akiwa ametulia, hajui kama unamtazama. Sindano za miaka mingi huwafanya baadhi ya watu kutafuna hewa au kutoatoa ulimi bila kujua. Akiwa hivyo, kipande kidogo cha plastiki chenye jino moja kinaweza kulegea na kumezwa, na daktari atapendelea kikubwa kinachoshika vizuri au kuliacha pengo. Mkikubaliana yatengenezwe, mwombeni fundi aandike jina la mdogo wako ndani ya plastiki kabla hajaimaliza. Akilazwa tena, meno ya wodi nzima huoshwa kwenye beseni moja.